Theluji ya Matisi

Theluji nimeijua kwa masikio. Sijawahi kuiona ikianguka wala kuikanyaga, lakini ukinipa gari dogo na kunishusha kwenye barabara nyeupe ya huko Kanada, nadhani ningefika ninakokwenda. Nilifundishwa kwa simu, ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine, kwa miaka kadhaa. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, mimi niliyeacha shule darasa la saba kwa sababu nje kulikuwa na mambo mengi ya kutazama kuliko ndani.

Aliyenifundisha ni mtu niliyetahiriwa naye. Kwetu Bungoma, wavulana waliopakwa tope la mto mmoja asubuhi moja na kukatwa na mtu mmoja huitana bakoki mpaka wazeeke. Bakoki wako humkani. Akikukuta unakula, anakaa na kula bila kukaribishwa, akifiwa, umefiwa. Siku yetu tulisimama bega kwa bega, na nilipohisi magoti yanataka kunisaliti, yeye alininong'oneza bila kugeuza shingo, "Tazama ule mgomba." Nikautazama. Sikutikisika. Ndivyo nilivyoanza kumwamini, nikiwa bado sina ndevu.

Yeye alisoma. Mimi nilizurura. Nimepasua mbao, nimesaga unga, nimeuza viatu vya mitumba, nimekuwa taniboi, msaidizi wa dereva, wa lori la kwenda Lodwar, na kila kazi niliiacha mara tu nilipoielewa. Yeye alipata kazi ya ofisi Bungoma mjini, akanunua gari, kisha akapata njia ya kwenda Kanada. Kabla hajaondoka aliniita nyumbani kwao Bumula akanipa ufunguo.

"Gari ikikaa inaoza," aliniambia. "Tembea nayo. Lakini mzee na mama wakitaka kuenda mahali, unawapeleka. Na siku nikirudi unanichukua airport, unanileta hapa kwa mama moja kwa moja. Hakuna kusimama."

Mama yake alikuwa amesimama pale, mkono juu ya boneti, kama mtu anayempima ng'ombe. Akaniambia, "Umesikia wewe? Moja kwa moja." Nikasema nimesikia. Mkataba wetu wote ulikuwa huo, na sikuwahi kuwa na mwingine mzito kuliko huo.

Gari lenyewe ni dogo. Ukifungua boneti unadhani kuna kitu kimeibiwa. Nilihama nalo hadi Kitale, nikapanga chumba Matisi, nikaanza kuchukua maziwa kwa wakulima wa juu ya Endebess na kuyashusha mjini kwenye mikahawa. Ukipita Endebess kuelekea mlimani, lami inakuacha. Barabara ya huko ni udongo wa mfinyanzi, na mvua ikinyesha inakuwa kama sabuni iliyoloweshwa. Wiki ya kwanza niliingia kwenye mtaro mara nyingi kiasi kwamba watu walianza kunisalimia kwa mzaha, "Leo umelala wapi?"

Nikamlalamikia bakoki kwa simu. Yeye huko alikuwa ameshapata kazi ya kusambaza vyakula vya hoteli kwa gari dogo kama langu. Akacheka. Akasema tope na theluji ni ndugu, tofauti ni rangi tu, kisha akaanza kunifundisha.

Alinifundisha kuondoka polepole, kama unatoka kwa chumba ambacho mtoto amelala. Alinifundisha kwamba breki ni adui. Unaachilia mafuta mapema, unaacha gari lichoke lenyewe. Kwenye gia ya gari langu kuna herufi L ambayo sikuwahi kuigusa. Akaniambia mteremko wote niushuke humo. Gari likirusha mgongo kushoto, usukani nao uende kushoto, ingawa mwili wako wote unakuambia kulia. Nyuma uweke uzito. Na ubebe koleo, blanketi na mshumaa, maana ukikwama kwenye theluji, mshumaa mmoja ndani ya gari unaweza kukuokoa na baridi. Nikavibeba vyote. Mkulima mmoja akafungua buti ili apakie mtungi, akaona koleo na blanketi, akaniuliza kwa upole, "Kijana, unaenda kuzika nani?"

Nilikuwa na maswali yasiyoisha. Theluji inanuka? Ikianguka inatoa sauti gani? Ng'ombe wanalala wapi? Unajuaje mtaro uko wapi ikiwa kila kitu ni cheupe? Alinijibu yote. Aliniambia theluji haitoi sauti kabisa, unaamka tu unaikuta, na ukimya wake ndio unaomtisha mgeni. Aliniambia madaraja huganda kabla ya barabara kuganda, kwa sababu baridi inayapiga juu na chini, na kwamba barafu mbaya zaidi ni ile inayofanana na lami kavu. "Ukifika kwa daraja," alisema, "usiguse kitu. Mguu weka juu, omba Mungu." Alilisema hilo kwa sauti ambayo sikuielewa wakati ule.

Jumapili nilikuwa nikishuka hadi Bumula kumwona mama yake. Macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu, simu za kubofya hakuziweza, kwa hiyo nilimwekea zile sauti. Aliishika simu sikioni kwa mikono miwili ingawa ilikuwa ikipaza sauti uwanja mzima. Akimaliza anasema, "Rudisha." Nami narudisha. Mzee alijifanya hasikilizi, lakini siku moja nilimsikia akimweleza jirani jinsi ya kushuka mlima kwenye barafu.

Januari mzee akafa. Ni moyo, alienda kufunga ng'ombe, akakaa chini, basi. Nilimpigia bakoki mimi mwenyewe. Hakupokea. Baadaye ikaja sauti, anavuta pumzi kama amekimbia, anasema theluji imefunga uwanja wa ndege, gari lake limefunikwa mpaka madirishani, hawezi hata kutoka mtaani. Ikafuata picha ya mtaa mweupe. Niliipitisha picha ile kwa wazee waliokaa motoni. Waliiangalia mmoja mmoja, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Kwa hii, hata mimi singekuja."

Tukamzika mzee bila mtoto wake wa kwanza. Ikabaki siku ya kunyoa. Baada ya mazishi, wenye msiba hukusanyika wakanyolewa nywele, na maneno ya marehemu, watu wake na vitu vyake, yakasemwa hadharani. Mtoto wa kwanza ndiye wa kuanza. Wazee walizozana sana. Wengine walisema asubiriwe. Wengine wakasema msiba haukai na nywele. Mwishoni mzee mmoja akanionyesha kwa fimbo akasema, "Huyu alimwaga damu na yeye asubuhi moja. Kichwa cha huyu ni kichwa cha yule." Si jambo la kawaida kwetu, na kuna waliotoka uwanjani wakinung'unika kwamba mtu aliye hai hanyolewi kwa kichwa cha mwingine. Lakini nilikaa kwenye kigoda, wembe ukapita. Mama aliziokota nywele zangu akazifunga kwenye kitambaa. Tangu siku ile aliacha kuniita kwa jina, akaniita mwanangu.

Mvua za mwaka huo zilianza na mawe, mwisho wa Machi. Nilikuwa juu ya Endebess, mitungi imejaa, wakati mbingu ilipokuwa nyeusi upande wa mlima na kuku wakaanza kurudi mchana. Kisha yakaja. Nimeona mvua ya mawe mara nyingi, lakini haya yalikuwa makubwa kama mbegu za parachichi na yalianguka mpaka nikadhani paa la gari litafika kichwani kwangu. Nilisimama chini ya ukingo wa barabara nikangoja. Yalipopungua niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: barabara ilikuwa imepotea. Kila kitu kilikuwa cheupe, barabara, mtaro, shamba, sawasawa. Mikaratusi ilikuwa imechanwachanwa, hewa ikanuka dawa ya kifua. Baridi ikanishika masikio.

Mwenye lori mbele yangu alijaribu kuondoka, akateleza ubavu, akakaa. Dereva akanipungia mkono kwamba nisithubutu. Mimi nikawasha injini. Nilikuwa nimefurahi. Nikaweka L. Nikaondoka kama mtu anayetoka chumba cha mtoto. Mawe yakasagika chini ya magurudumu kama sukari. Kwenye mteremko wa kwanza mgongo wa gari ukaenda kushoto, taratibu, kuelekea mtaroni, na mikono yangu ikaenda kushoto kabla sijaiamuru, gari likajikunja, likanyooka. Mguu wangu haukugusa breki. Nilishuka mlima mzima nikiongea peke yangu, nikirudia maneno yake. Nilipofika karibu na Endebess nilisimama, nikatoka, nikakipiga picha kigari kikiwa katikati ya weupe ule, nikamtumia. Nikaandika: Nimefaulu mtihani.

Jibu lake lilikuja nikiwa nimeshafika lami, nakaribia Kitale, mvua imenitangulia. Nikaegesha ili nisikilize.

Sauti yake ilikuwa ya furaha kuliko nilivyoisikia kwa muda mrefu. "Bakoki! Wewe sasa ni dereva, bana. Hata mimi siku ya kwanza sikushuka hivyo. Hata huku leo imeanguka, imeanguka mbaya sana..."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo. Nilijua ni nini kabla sijataka kujua. Ilikuwa ni mvua ya mawe juu ya mabati. Na kabla ujumbe haujaisha, sauti ya mwanamke ikapita karibu naye, ikipaza juu ya ule mngurumo: "Toa hiyo beseni huko nje, mawe inapasua!"

Nilisikiliza tena. Nilitafuta kila njia ya kumtetea. Labda huko nako kuna mabati. Labda kuna Mkenya jirani. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba theluji haina sauti.

Mvua ya mawe haianguki kila mahali. Hupita kama mtu anayefagia, upande mmoja wa njia umeumizwa, mwingine mkavu. Nikarudisha gari barabarani nikaanza kuifuata. Kulia kwangu migomba ilikuwa imechanwa. Kushoto, majani mazima. Ule mstari mweupe mtaroni ulikuwa ukinitangulia, unaingia mjini, unapinda. Uliingia Matisi. Chumba changu kiko Matisi, lakini upande wangu vumbi lilikuwa bado vumbi. Mawe yalikuwa yamepita ukingo wa mbali tu, safu chache za ploti za vyumba vya kupanga, yakaishia hapo. Nikaendesha polepole kati ya nyumba. Sukuma wiki zilikuwa zimebaki mishipa. Mlangoni mwa ploti moja alisimama mwanamke ameshika beseni la buluu lililopasuka, analigeuzageuza na kulitukana kwa upole. Ile ile sauti.

Nikamuuliza kama kuna mtu wa Bumula hapo. Hakuhitaji kunijibu. Mlango wa pili ulikuwa wazi, na bakoki wangu alikuwa ameketi kitandani, simu mkononi, akiwa bado anaitazama picha ya gari.

Alikuwa amekonda. Tulitazamana mpaka yule mwanamke akaondoka na beseni lake.

"Sasa," akasema.

"Poa. Kanada iko aje?"

Akaangalia chini. "Umenipata aje?"

"Nimefuata mawe."

Akasogea, akanipa nafasi ya kukaa. Sikukaa. Nikamuuliza amerudi lini. Akasema kabla ya Krismasi. Nikamuuliza mzee alipokufa alikuwa wapi.

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Kwa hii kitanda."

"Na ile picha ya theluji?"

"Ilikuwa ya mwaka ule mwingine."

Alinieleza bila kuharakisha, kama mtu aliyekuwa amelipanga muda mrefu. Ilikuwa ni daraja. Alikuwa na chakula cha watu nyuma, amechelewa, daraja likaonekana kavu, akagusa breki kidogo tu. Gari likazunguka likaingia kwenye gari lingine. Hakuna aliyekufa, lakini kulikuwa na mama mmoja aliyevunjika mifupa, na baada ya hapo leseni ikaenda, kazi ikaenda, na karatasi za kukaa zilikuwa zimeshikwa na ile kazi. Wakamrudisha. Alishuka kwenye ndege na mkoba mmoja. Sasa alikuwa akipanga mbao kwenye yadi upande wa pili wa mji, akitoka mapema na kurudi kupitia vichochoro.

"Ungeniambia mimi," nikasema. "Usingeambia mtu mwingine. Mimi."

"Wewe ungenibeba kwa mama siku hiyo hiyo. Moja kwa moja. Si ulimuahidi?"

"Nilinyolewa," nikasema. "Unajua nilinyolewa?"

"Najua. Nilikuona sokoni. Nilijificha nyuma ya lori ya viazi." Akajikuna shingo. "Nilikuwa nakuangalia nasema, hiyo kipara ni yangu."

Nadhani alitaka nicheke. Kuna wakati mwingine ningecheka. Nilimuuliza kwa nini aliendelea kunitumia sauti, kwa nini hakunyamaza tu, watu wengi wa nje hunyamaza. Akasema zile sauti ndizo zilizomshikilia. Akirekodi, kwa muda ule, alikuwa bado yuko huko, bado anaendesha. Leo aliona picha yangu akafurahi kiasi cha kusahau mabati yaliyokuwa juu ya kichwa chake.

Lilikuwa jibu la kweli, na lilinikasirisha kuliko uongo wote.

"Mama anakungoja," nikamwambia.

"Nipatie mpaka Agosti nijipange. Siwezi kuingia Bumula na mkono mtupu, bakoki. Watu watasema nini? We endelea tu kumwekea sauti. Mama amezoea kungoja."

Nikamtazama mtu aliyeninong'oneza nitazame mgomba. Nikamwambia tu, "Jumapili nitamwambia, na mchana nitamleta hapa. Uoge. Vaa shati."

"Bakoki, usifanye hivyo."

"Uoge," nikarudia, nikatoka. Maziwa yote yalikuwa yameganda na kushika harufu ya petroli. Hayakununuliwa na mtu.

Jumapili nilimkuta mama ameketi mlangoni akichambua maharagwe kwa vidole, kwa kuwa macho hayakutosha. Akafuta mikono kwenye leso, akainyoosha kupokea simu.

"Leo amesema nini?"

"Leo hajasema, mama. Nimemwona."

Nikamweleza. Sikupunguza kitu, ila ile ya Agosti sikuisema, wala kwamba alisema amezoea. Alisikiliza huku vidole vikiendelea kutoa mawe madogo kwenye maharagwe.

"Matisi ni ile ya Kitale?"

"Ndiyo, mama."

"Ile unaishi wewe?"

"Ndiyo."

"Tangu Krismasi. Na hamjaonana."

"Hatujaonana, mama."

Akanielekezea yale macho yenye ukungu, na nikaelewa kwamba ananipima mimi. Jumapili zote zile ni mimi niliyekuja na simu. Ni mkono wangu uliobonyeza, sauti ikatoka. Kwake, uongo ulikuwa umeingia nyumbani ukiwa na harufu ya jasho langu. Nilitaka kuapa. Sikuweza kufikiri ningeapa kwa kitu gani.

"Ngoja nivae," akasema.

Alitoka na gauni la kanisani na viatu vilivyofungwa. Jirani aliyekuwa akipita na kuni akamuuliza anaenda wapi amependeza hivyo. "Naenda kuchukua mtoto wangu," akamjibu, na tulipoanza kuondoka nikaona kwenye kioo jirani ameweka kuni chini na kuelekea nyumba ya pili, mbio.

Tulipitia Kimilili na Kamukuywa. Mama aliniuliza kama mwanawe amekonda, nikasema kidogo. Aliniuliza anapikiwa na nani. Karibu na Kitale akafungua mkoba wake, akatoa mahindi ya kuchemsha aliyoyafunga kwa jani la mgomba, akayaweka mapajani tayari.

Mlango wa pili ulikuwa na kufuli. Nikabisha kama mjinga, kwenye mlango wenye kufuli. Yule mwanamke wa beseni akatoka.

"Huyo alihama jana," akasema. "Kitanda ilibebwa na mkokoteni. Hata mimi nilishangaa, alikuwa amelipia mwezi wote." Kisha akamwona mama, akabadilisha sauti. "Shikamoo mama. Alisema anaenda kwa mama yake. Ati mama anamngoja."

Sijui kama aliyasema kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kuondoka mahali, au kama kwa nusu saa hivi aliyaamini mwenyewe. Mama akamshika yule mwanamke mkono.

"Alisema hivyo? Kwa mama?"

"Kabisa mama."

Mama akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. "Basi tumepishana," akaniambia. "Alienda jana, amelala kwa njia mahali, sasa hivi yuko nyumbani. Geuza gari. Haraka."

Nilijua, na nilijua kwamba yeye hataki kujua, na nikageuza gari.

Mvua ilitukuta Bungoma. Tulipoacha lami kuelekea kwao barabara ilikuwa imeshakuwa ile sabuni ninayoijua. Pikipiki zilikuwa zikisukumwa. Mama alikuwa akiniambia niharakishe, na mimi nilikuwa nimeweka L, nikienda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye mteremko kabla ya kijito mgongo wa gari ukatoka. Ukaenda kulia, mbali, mpaka dirisha la mama likawa linatazama mtaro. Mikono yangu ikafanya kazi yake. Mguu ukabaki juu. Gari likafikiri, likarudi.

Mama akaachilia mlango aliokuwa ameushika. Baada ya muda akauliza, "Hii nani alikufunza?"

Ningeweza kusema ni barabara ya Endebess. "Yeye," nikasema.

"Kwa hivyo alikuwa huko kweli."

"Alikuwa, mama. Alikuwa anaendesha kila siku."

Akaitikia kwa kichwa, akayashika mahindi yake vizuri.

Uwanja ulikuwa umejaa. Jirani wa kuni alikuwa amefanya kazi. Viti vya plastiki vya kanisa vilikuwa vimepangwa chini ya turubai, chai ilikuwa motoni, na manyoya ya kuku yalikuwa yametapakaa karibu na jikoni. Wazee walewale walioiangalia ile picha walikuwa wameketi mbele. Nilipozima injini wote wakainuka kidogo, wakatazama kiti cha nyuma. Mama naye, akiwa bado ndani ya gari, aliwatazama wao, mmoja mmoja, akimtafuta kati yao. Nikaona anapofika mwisho wa safu na kuanza upya.

Kisha akafungua mlango mwenyewe akashuka.

"Mama," mzee mmoja mcheshi akasema, "tuliambiwa unaleta Mkanada. Hii umeleta ni tope."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akapangusa viatu kwenye nyasi.

"Hakupata ndege," akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Tumeongea na yeye kwa simu. Theluji imefunga huko, watu hawatoki kwa nyumba." Akanigeukia. "Si ndiyo, mwanangu?"

Wote wakanitazama. Macho yake pia, ambayo hayanioni vizuri, yalikuwa juu yangu, na hayakuwa yakiomba. Nilifikiria kile kitanda kikipita Matisi juu ya mkokoteni. Nilifikiria alikuwa wapi saa ile, na kama yeye anatufikiria.

"Ndiyo," nikasema.

"Hata mwezi huu?" yule mzee akauliza. "Huko hakuna kiangazi? Hebu tueleze wewe, si wewe ndiye unazijua hizo vitu."

Nikavutiwa kiti. Mtu akaniletea chai. Wakasogeza viti vyao karibu, na mama akakaa kwenye ukingo wa veranda, mahindi bado mapajani, akasikiliza. Nikaanza kuwaeleza jinsi theluji inavyofunga barabara, jinsi inavyokuja bila sauti, mtu akaamka akakuta mlango haufunguki. Nilieleza vizuri. Hakuna aliyeondoka mpaka nilipomaliza.